Siku niliyomwambia mama kwamba mwanawe amechanganyikiwa

Mama yule alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, kitenge cha pili amejifunika mabegani kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Daktari alitoka chumbani, akavua glavu, akanitazama, akasema sentensi moja fupi ya Kiingereza: "He's confused." Nami bila kusita nikamgeukia mama nikamwambia: "Mama, munganga anasema mwanao amechanganyikiwa."

Alisimama. Akakitoa kitenge mabegani, akakifunga kiunoni kama wanawake wa kwetu wanavyofanya msibani, akaweka mikono kichwani. "Mutoto wangu amekuwa kichaa? Mutoto wangu wa kwanza?" Korido nzima ikageuka kututazama.

Ilikuwa Agosti 2019, hapa Goma. Ninaandika haya kwa ajili ya vijana wanaofanya kazi niliyokuwa naifanya, ukalimani wa mdomo, kwenye hospitali, kwenye kambi, kwenye ofisi za mashirika. Wengi wameingia kama nilivyoingia mimi: wanazijua lugha, lakini kazi yenyewe hawakufundishwa na mtu. Neno hilo moja, confuse, pamoja na yote yanayozaliwa nalo, lilininyima mkataba, likaninyima usingizi, na kidogo tu limtoe kijana wa miaka 19 kwenye kitanda alichokihitaji.

Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa Kifaransa kwenye shule moja ya sekondari. Mshahara wetu ulitoka kwenye karo za wazazi, na wazazi wakikosa, nasi tunakosa. Mwaka 2017 nikaanza kusoma Kiingereza jioni, dola 15 kwa mwezi, kwenye chumba cha mbao upande wa Birere. Tulikuwa kama watu 20: wafanyabiashara wanaovuka kwenda Gisenyi au kusafiri hadi Kampala, madereva, wanafunzi wa chuo. Mwalimu alikuwa na bidii sana, lakini njia yake ilikuwa moja: safu mbili ubaoni, neno la Kiingereza kushoto, la Kifaransa au la Kiswahili kulia. Daftari langu la wakati ule bado ninalo. Kwenye ukurasa wa herufi C kuna mstari huu kwa kalamu ya bluu: confuse, kuchanganya, confused, confus, kuchanganyikiwa. Pembeni nimeweka alama ya kwamba nimeshalikariri.

Hakuna uongo kwenye mstari ule. Ila hauonyeshi nani anasema, anamwambia nani, na kuhusu nini.

Lililoniangusha kwanza lilikuwa lile la Kifaransa. Mwanzoni mwa 2019 nilipata mkataba kwenye timu moja ya misaada, dola 400 kwa mwezi, fedha ambazo sijawahi kuziona zikija kwa mpangilio namna ile. Siku moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, moto zote, yaani pikipiki za kukodi, zikakataa kutembea, nikafika kazini nimechelewa dakika 40. Nikaingia nikiwa nimelowa, nikamwambia kiongozi wa timu, mama mmoja Mzungu aliyekuwa mpole sana: "I am very confused." Kichwani mwangu nilikuwa nasema Kifaransa: je suis confuse, yaani naona haya, nisamehe. Ndivyo tunavyoomba radhi kwa heshima.

Akaweka kalamu chini, akanivutia kiti, akaniuliza ni kitu gani sikukielewa. Nikajibu: saa. Nilimaanisha kuchelewa. Yeye akachapisha ratiba ya wiki nzima, akanionyesha kwa kidole kila siku tunaanza saa ngapi. Nikamshukuru. Nilidhani ni namna yao ya kusamehe.

Niliendelea hivyo kwa miezi. Nikisahau karatasi, I am confused. Nikimkanyaga mtu, I am confused. Mwezi wa Juni mkataba ulipokwisha hawakuuongeza. Aliniambia kwa upole kwamba nina moyo wa kazi, lakini mara nyingi inaonekana maelekezo hayanifikii. Nililia njiani kutoka Himbi hadi nyumbani bila kujua nalia kwa kosa gani. Baada ya wiki moja dereva wetu, Mganda, akanipigia simu kunijulia hali, na katikati ya mazungumzo akaniuliza: "Dada, kwa nini kila siku ulikuwa unawaambia kwamba huelewi?"

Kama umesoma shule kwa Kifaransa kama mimi, lishike hili leo. Confus ya Kifaransa inabeba haya na radhi. Confused ya Kiingereza haina haya hata chembe; inasema akili haijapata njia. Ukitaka kuomba radhi kwa Kiingereza sema sorry, na ukiona aibu sema embarrassed.

Nikarudi kwenye daftari, nikafuta confus kwa mistari miwili. Likabaki kuchanganyikiwa peke yake. Nikajiona nimelimaliza lile neno.

Julai mwaka ule mgonjwa wa kwanza wa Ebola alithibitishwa Goma. Walioishi hapa wanakumbuka: kila mlango una ndoo ya maji ya klorini, kila kizuizi kina mtu wa kukupima joto kwenye paji la uso. Wageni wanaosema Kiingereza waliongezeka, na wakalimani tukatafutwa hadi nyumbani. Mimi nilipata kibarua cha siku, dola 25, kwenye hospitali moja ambako daktari mgeni alikuwa anasaidia upande wa majeruhi. Wakati huohuo watu wetu walikuwa wanaziogopa hospitali kuliko wakati wowote. Ukiingia hutoki, ndivyo walivyosema. Hofu hiyo ilikuwemo koridoni kabla mimi sijafungua kinywa.

Kijana alikuwa ameanguka na moto kwenye barabara ya Sake, karibu na Ndosho, bila kofia. Nilikuwepo daktari alipomuuliza maswali kupitia kwangu. Jina lake alilisema vizuri. Uko wapi hapa? Akajibu: "Niko Masisi, kwa babu." Huu ni mwezi gani? Akasema Noeli imekaribia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, hana wasiwasi, kama mtu anayekuelekeza njia. Daktari akaandika namba 4 kwenye karatasi.

Ile namba niliielewa baadaye. Mwaka 1974 madaktari wawili wa Glasgow, huko Uskoti, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitangaza kipimo cha kuangalia fahamu za mtu aliyeumia kichwa. Unaangalia macho, maneno na viungo, unajumlisha kuanzia 3 hadi 15. Kwenye maneno, mtu anayejijua, anayejua alipo na siku ya leo anapata 5. Anayeongea sentensi zake vizuri lakini akachanganya mahali na wakati anapata 4, na jina la daraja hilo kwa Kiingereza ni confused. Kwa hiyo daktari alipotoka koridoni hakuwa anamwelezea mtoto wa mtu tabia yake. Alikuwa anasoma kipimo, kama anavyosoma joto la mwili. Ni hali ya saa ile, na saa inayofuata inaweza kupanda au kushuka, ndiyo maana mgonjwa huyo haachwi peke yake.

Lakini mimi nilisema amechanganyikiwa. Na kwetu, ukisema hivyo juu ya mtu aliyelala hospitalini, hujasema kwamba hajui tarehe. Umesema akili zimemtoka. Kichaa kwenye familia nyingi si ugonjwa wa sindano; watu wanauliza nani kamfanyia, na wanatafuta maombi. Ilipofika adhuhuri baba mdogo wa kijana alikuwa amekuja na watu watatu wa kanisa lao, na wanataka wapewe mgonjwa wao wampeleke kwenye chumba cha maombi. Mtu aliyepigwa kichwa saa chache zilizopita! Damu inaweza kuwa inavuja ndani taratibu. Dalili zake ni usingizi unaozidi kuwa mzito, kutapika tena na tena, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine. Kwenye chumba cha maombi nani angeitazama mboni?

Daktari akaniuliza wanasema nini. Nikamtafsiria. Akaniuliza: "Nani amewaambia ana kichaa?"

Nilinyamaza. Neno lenyewe nililikosea kwa kutojua, lakini ule ukimya niliuchagua, na nauona hadi leo.

Aliyetuokoa ni muuguzi mmoja wa miaka mingi, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakusema Kiingereza hata neno. Alimshika mama wa kijana mkono, akamkalisha, akamwambia pole pole: "Mama, mwanao hana kichaa. Ameanguka, ubongo umetikisika ndani kama yai kwenye ganda. Sasa hajui yuko wapi na hajui leo ni siku gani. Fahamu zinaweza kurudi. Ila usiku huu tunapaswa kumwamsha na kumwuliza jina kila mara, ili tukiona anazidi kulala tujue mapema. Ukimtoa hapa nani atamwamsha?" Mama akafungua kitenge kiunoni, akakirudisha mabegani. Baba mdogo alibaki amekunja uso, lakini hakuongea tena mambo ya kuondoka.

Angalia alichofanya mama yule muuguzi. Hakutafuta neno. Alisema mgonjwa anafanya nini, hajui nini, na wao watafanya nini. Sentensi moja ya daktari yenye maneno mawili ikawa sentensi sita kwa Kiswahili, na hiyo ndiyo ilikuwa tafsiri sahihi. Sisi tunadhani mkalimani mzuri ni yule anayetoa neno kwa neno, haraka. Jioni nilimwendea daktari, nikamweleza lililotokea kwa sababu yangu. Hakunifukuza. Alisema nikikutana na neno la namna hiyo nimzuie nimwulize: amekuwaje hasa? Tangu siku hiyo nauliza. Inachukua sekunde kumi, na sijawahi kumwona daktari akichukia.

Siku ya tatu kijana alijua yuko Goma, akaulizia simu yake. Siku ya sita akarudi nyumbani. Mimi sikumwambia mama yake chochote.

Niliingia kwenye kamusi kwa hasira, nataka kujua neno hili ni nani. Nikakuta mzizi wake ni Kilatini, confundere, kumimina vitu pamoja. Nilisimamisha kidole hapo. Ndiyo kuchanganya kwetu hasa: unamimina unga wa mahindi na wa muhogo kwenye beseni moja, ukishakoroga huwezi tena kuutoa huu ukaacha ule. Confused liliingia Kiingereza mapema, kupitia Kifaransa cha zamani. Kitenzi confuse kikafuata, na kwa muda mrefu kazi ya kuvuruga akili ya mtu ilifanywa zaidi na ndugu yake confound, ambalo ni mtoto wa mzizi huohuo. Kwa hiyo picha ya Kilatini na picha ya Kiswahili ni moja. Nilichokosea ni mwisho wa njia, kwa sababu Kiswahili kimelipeleka kuchanganyikiwa mbali hadi kwenye wazimu, na Kiingereza hakikufika huko.

Leo naliona neno hili lina kazi tatu, na kila moja naitafutia Kiswahili chake.

Ya kwanza ni kuvuruga akili ya mtu asielewe. Hapo nina kukanganya, kutatiza, kutatanisha. Nayapenda haya mawili ya mwisho kwa sababu tata ni nyuzi zilizofungamana, na kumbe perplex ya Kiingereza nayo inatoka kwenye Kilatini cha kusuka na kufungamanisha. Bewilder ni mtu aliyepotea porini, kama mama aliyeingia msitu wa Virunga kutafuta kuni akapoteza njia. Hilo nasema amepotewa, au amepigwa na butwaa. Bemuse nalo linawadanganya wengi kwa kufanana na amuse, wakadhani mtu amefurahi, kumbe ameduwaa.

Ya pili ni kudhani hiki ni kile. Hapa Kiswahili kina neno zuri mno, kufananisha. Siku moja kambini mgeni alimwambia mzee mmoja "You're confusing me with my colleague." Kama ningesema "unanichanganya", mzee angesikia anagombezwa. Nikasema: "Mzee, umemfananisha na mwenzake." Mzee akacheka, akasema Wazungu wote nywele moja, mazungumzo yakaendelea. Utaona tofauti yote iko kwenye kile kineno with. Ukikisikia baada ya confuse na kitu kingine kinafuata, nenda kwenye kufananisha. Na hapo hata Kifaransa kinakusaidia, maana confondre inafanya kazi hiyohiyo.

Ya tatu ni kuvuruga jambo lenyewe, hesabu au habari, na hapo kuchanganya au kuvuruga yanatosha.

Lakini kuna jambo moja limeniumiza zaidi ya yote hayo, nalo ni lawama inaangukia wapi. Kwenye mahojiano ya kuandikisha wakimbizi wa ndani, mhojaji alimwambia mwanamke mmoja "We're a bit confused by the dates." Alikuwa anajishusha: sisi hatujaelewa, tusaidie. Mkalimani mwenzangu, kijana mzuri, akasema: "Wanasema unawachanganya na tarehe." Kwa Kiswahili, kumchanganya mtu kuko karibu sana na kumdanganya. Yule mwanamke alikuwa ametembea siku nne na watoto. Alifunga mdomo. Maswali yote yaliyofuata aliyajibu kwa ndiyo na hapana, na fomu yake ikajaa nafasi tupu. Ingetosha kusema: "Hapo kwenye tarehe hawajaelewa vizuri, wanaomba uwasimulie tena." Mwenye kutoelewa abaki yule aliyesema haelewi.

Vijana ninaowafundisha Jumamosi wananiletea pia "I am confusing" wakitaka kusema hawajaelewa. Ukisema hivyo umesema wewe ndiye unayewakanganya wengine. Confusing ni kile kinachotatiza, confused ni aliyetatizwa. Nawaambia wasikariri mwisho wa neno, waulize kwanza: nani anaumwa hapa, na nini kinamuuma?

Daftari nimelibadilisha. Siandiki tena neno kwa neno. Naandika sentensi nzima, pembeni naandika nani aliisema na wapi. Confuse peke yake imeshakula kurasa tatu.

Mwaka uliofuata, baada ya Ebola kutangazwa kuisha, nilikwenda soko la Kituku kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mama aliyekuwa anapima kwa kikombe aliinua uso, akanitazama muda mrefu. Mimi nilimtambua kwa kitenge kabla ya sura. Tulisalimiana. Nikamwuliza hali ya kijana; akasema yuko mzima, anafanya kazi ya kupakia mizigo bandarini. Akanipimia vikombe viwili, akaongeza na cha juu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, ile neno ya siku ile, ilikuwa ya munganga ao yako?"

"Ilikuwa yangu, mama. Munganga alisema tu kwamba hajui yuko wapi, kwa sababu ya kuanguka. Mimi ndiye nililikosea. Nisamehe."

Alinyamaza, akafunga mfuko, akaufunga tena fundo la pili.

"Kwa hiyo munganga hakusema ana kichaa."

"Hakusema."

"Baba yake mudogo anamwita hivyo mpaka leo," akasema. Akafuta mikono kwenye kitenge, akamwita binti yake aje kukaa kwenye meza. "Twende kwake umwambie wewe mwenyewe. Si mbali."